Nilirudi kwetu Ujerumani nikajiona mgeni, na sasa dada yangu amenyamaza

Ndugu Mshauri, salaam.

Ninakuandikia kutoka Moshi, ambako nimeishi kwa miaka 22. Nilizaliwa mwaka 1975 katika kijiji kidogo cha milima ya Erzgebirge, mashariki mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Czech. Mji mkubwa wa karibu ni Chemnitz, ambao nilipokuwa mtoto uliitwa Karl-Marx-Stadt. Nilifika Kilimanjaro mara ya kwanza kwa njia ya uhusiano wa makanisa yetu ya Kilutheri, nikarudi kwetu, kisha nikaja tena kuolewa. Mume wangu ni Mchagga wa Machame, na tuna watoto wawili, binti wa miaka 17 na mvulana wa miaka 13. Kiswahili ndicho ninachokitumia kutwa nzima, kazini, sokoni na nyumbani, na siku hizi hata nikihesabu fedha kimoyomoyo ninahesabu kwa Kiswahili.

Mama yangu ana miaka 79. Baba, aliyekuwa mchimba madini kama baba yake, alifariki miaka tisa iliyopita. Tumezaliwa watatu. Kaka yetu alihamia jimbo la Bavaria kutafuta kazi miaka ya tisini, kama walivyofanya vijana wengi wa mashariki baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, na hakurudi. Mimi nipo huku. Dada yangu, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyebaki. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mama, anafanya kazi katika duka la dawa, na kila siku asubuhi na jioni hupita kwa mama.

Desemba iliyopita nilikwenda na watoto kwa wiki tatu, baada ya kutofika kwa miaka mitano. Niliweka akiba ya safari ile kwa miaka miwili. Kwetu Krismasi ni jambo kubwa sana. Katika kila dirisha huwekwa upinde wa mbao uliochongwa wenye mishumaa, na kwa kuwa giza huingia saa kumi alasiri, kijiji kizima huwaka kama kimeshushwa kutoka mbinguni. Jioni ya tarehe 24 tunakula mlo wa vyakula tisa, unaoitwa Neinerlaa kwa lahaja yetu, na kila chakula kina maana yake: dengu ni ili sarafu ndogo zisikosekane mwaka mzima, matonge ya viazi ni ili fedha nyingi zije. Chini ya sahani huwekwa sarafu. Hakuna anayeruhusiwa kuinuka mpaka mlo umalizike. Na mezani huongezwa sahani moja isiyo ya mtu, kwa ajili ya mgeni anayeweza kubisha hodi.

Jioni ile mwanangu alikaa kwenye sahani hiyo bila kujua, kwa sababu ilikuwa karibu na bibi yake. Dada akamwambia kwa upole, "Hapo ni pa mgeni." Mama akanitazama mimi, akawatazama watoto, akasema, "Basi mwache, amekaa mahali pake." Sijui mama alimaanisha nini. Huenda alikuwa anatania, huenda alikuwa amesahau ni nani huyu aliyeketi pembeni yake. Nilitaka kutoka nje nikalie, lakini mlo ulikuwa haujaisha na kwa desturi sikuweza kuinuka.

Mengine yalikuwa madogo, lakini yalinichoma. Kila siku saa tisa tulikaa kunywa kahawa na keki, wakazungumza juu ya bei ya kupasha nyumba joto na goti la jirani, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza maisha yangu yakoje. Nilipoanza kusimulia ya Moshi walinisikiliza kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari, kisha wakarudi kwenye goti. Mtoto wa dada alicheka maneno yangu, akaniambia kwamba ninazungumza Kijerumani cha zamani. Nilikwenda kwa rafiki yangu wa utotoni na keki mkononi bila kumpa taarifa, kama ningefanya hapa; alisimama mlangoni amefadhaika, akaniambia kwa adabu kwamba Alhamisi saa kumi ingemfaa zaidi.

Tarehe 28 ndipo tulipogombana. Nilikuwa nimeona kwamba mama anasahau. Alimwita binti yangu kwa jina la dada, na siku moja alilipa mkate mara mbili kwa muuzaji yuleyule. Nilimwambia dada jikoni kwamba mama apelekwe kwa daktari, kwamba nyumba ni baridi, na kwamba ingefaa akae naye zaidi. Dada aliweka kitambaa cha kufutia vyombo mezani akasema, "Wewe unakuja na watoto wako na kahawa yako ya mlimani, mama anavaa gauni la sikukuu na kuwaambia majirani wote kwamba umekuja. Tarehe 5 Januari unaondoka. Mimi nitabaki na mama yule ambaye wewe hujamwona." Tangu siku hiyo dada hapokei simu zangu, hunitumia ujumbe wa mstari mmoja tu kuhusu afya ya mama. Na mama, kila Jumapili nikimpigia, huniuliza, "Unakuja lini nyumbani?"

Mume wangu anasema tumlete mama Moshi, tumjengee chumba, kwa sababu hapa mzee haachwi peke yake. Kaka yangu anasema nisijisumbue, dada ni mtu mzima. Nina akiba ya safari moja. Je, niende tena Krismasi ijayo kutengeneza mambo, nimlete mama huku, au niache kwanza mpaka hasira zipoe? Na kwa nini pahali nilipozaliwa panaumiza namna hii?

Kitindamimba, Moshi

JIBU

Dada yangu Kitindamimba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama penye sentensi moja, ambayo hata si yako. Ni ile ya dada yako, kwamba atabaki na mama ambaye wewe hujamwona. Umeiandika kama tusi ulilotupiwa jikoni. Mimi naiona kuwa habari muhimu kuliko zote ulizoletewa katika wiki zile tatu, na jibu langu lote linatoka humo.

Mama uliyemkuta Desemba ni mama wa sikukuu. Wazee wengi wanaoanza kusahau huweza kujikusanya mbele ya wageni kwa saa kadhaa, pengine hata kwa siku kadhaa: huvaa vizuri, hukumbuka hadithi za zamani, huficha wasichojua kwa mzaha au kwa tabasamu. Jitihada hiyo huwachosha sana, na mgeni akishaondoka, uchovu wote humwangukia yule wa kila siku. Wewe uliona vipande viwili tu vilivyopenya, jina lililokosewa na mkate uliolipwa mara mbili, ukavipeleka kwa dada yako kana kwamba umevigundua wewe. Kwake havikuwa ugunduzi. Huenda mikate ya namna hiyo amekwenda kuidai dukani mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, akainamisha kichwa mbele ya muuzaji, kisha akarudi nyumbani kupika. Nawe ukamwambia akae na mama zaidi. Dada yangu, neno hilo peke yake lilitosha kumnyamazisha kwa mwaka mzima.

Sisemi haya ili nikuongezee mzigo wa lawama. Ulisema kwa hofu, na mtoto aliye mbali anapoogopa huanza kutoa amri, kwa kuwa amri ndiyo kitu pekee kinachoweza kusafiri haraka. Lakini ukitaka kuelewa dada alisikia nini, huna haja ya kwenda Ujerumani. Nenda Machame.

Umeishi Kilimanjaro miaka 22, kwa hiyo jambo hili umeliona mara nyingi kutoka upande wa pili. Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupanda kuja Moshi yamejaa, barabara za Machame, Marangu na Rombo hujaa magari, mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na nyumba nzuri zilizokuwa zimefungwa miezi kumi na moja huwashwa taa. Waliokuja huongea kwa sauti, hugawa zawadi, na mmoja wao hukosi kumsikia akiuliza kwa nini bomba la maji halijatengenezwa na kwa nini bibi amekonda. Wiki ya kwanza ya Januari milango hufungwa tena. Anayebaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na mama mzee, migomba na ng'ombe ni yule shemeji yako na mkewe. Umewahi kumtazama usoni mke wa shemeji yako tarehe 26, anapoulizwa habari ya bomba? Mtafute, kaa naye jikoni kwake, mwombe akueleze Desemba inavyoonekana kutoka pale alipo. Naamini utamsikia dada yako akizungumza Kichagga.

Kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Kwa desturi ya Wachagga, kitindamimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, na tangu utotoni kila mtu anajua hivyo. Kazi hiyo ina jina, ina heshima yake, na kihamba ni chake. Kwenu hakuna aliyemteua dada yako. Kaka alikwenda Bavaria, wewe ulikuja huku, na yeye siku moja akajikuta ndiye aliyebaki, bila mtu kumketisha na kumwuliza kama anakubali. Sheria ya Ujerumani huwapa watoto wote mafungu sawa mzazi akifa bila wosia, ingawa inampa mtoto aliyemhudumia mzazi kwa muda mrefu haki ya kudai fidia wakati wa kugawana. Sisemi kwamba dada yako anawaza mirathi. Ninasema kwamba mtu aliyebeba bila kuteuliwa huwa na njaa ya kutambuliwa, na wewe ulimkosoa kabla ya kumtambua.

Kwa hiyo, Krismasi usiende. Najua hilo litakuuma, maana umeeleza mishumaa ile kwa mapenzi makubwa. Niliwahi kuishi Leipzig kwa miaka minne, na nikafika milimani kwenu mara moja katika majira hayo, kwa hiyo najua ninakunyima kitu gani. Lakini Krismasi itakurudisha kwenye sahani ileile, na mama atavaa gauni lilelile. Nenda Februari. Kwenu mishumaa ya madirishani huzimwa na kurudishwa kwenye maboksi tarehe 2 Februari, siku ya kukumbuka Yesu kupelekwa hekaluni. Ufike wakati huo, theluji imechafuka, majirani hawana sherehe, na hakuna mtu wa kuonyeshwa wageni. Nenda peke yako. Watoto watakuwa shuleni na baba yao yupo. Kaa wiki sita badala ya tatu, hata kama itakubidi uombe likizo bila malipo. Ulale nyumbani kwa mama. Na katika wiki hizo sita, angalau wiki tatu dada yako asiwepo kijijini kabisa.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha ushauri wangu. Usiende kumtembelea mama. Nenda kushika zamu ya dada. Umwamshe mama wewe, umpe dawa wewe, uende wewe dukani kuulizia mkate, uitikie wewe saa nane ya usiku anapotaka kujua baba amechelewa wapi. Baada ya wiki ya pili utakuwa umemwona mama yule ambaye hukumwona, na siku dada atakaporudi mtakuwa na kitu cha kuzungumza ambacho hakuna mtu mwingine duniani anakijua isipokuwa ninyi wawili.

Ujerumani imeweka njia ya kulifanya jambo hili rasmi, na ingefaa muitumie. Tangu mwaka 1995 nchi hiyo ina bima ya uangalizi, na tangu mwaka 2017 anayehitaji msaada hupangwa katika moja ya madaraja matano, yanayoitwa Pflegegrad. Iwapo mama bado hana daraja, dada aombe kwenye mfuko wa bima, nao watamtuma mtathmini nyumbani. Hapa jihadharini sana, kwa sababu mtathmini naye ni mgeni. Mama atavaa gauni la sikukuu, atamkaribisha kahawa, atasema kwamba anajipikia na kujiogea mwenyewe, na atapewa daraja la chini au akose kabisa. Dada na aandike katika daftari, kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo, kila kitu alichomsaidia mama kufanya na kila kilichosahaulika, saa kwa saa, kisha awepo mtathmini anapofika. Ziara hiyo ikiangukia Februari, kaeni mezani wote wawili.

Akipata daraja la 2, posho ya kila mwezi kwa anayetunzwa na jamaa nyumbani ni euro 347. Daraja la 3 ni euro 599. Kuanzia daraja la 2 na kuendelea, mlezi wa kila siku anaruhusiwa kupumzika, na bima hugharimia mtu wa kumshikia nafasi kwa jumla ya hadi wiki nane kwa mwaka. Wajerumani huita Verhinderungspflege. Tangu Julai 2025 lipo fungu moja la hadi euro 3,539 kwa mwaka kwa ajili ya huduma hiyo pamoja na ya mzee kulazwa kwa muda katika nyumba ya wazee. Anayeshika nafasi akiwa ndugu wa karibu kama wewe, malipo huwa madogo, kwa kawaida hadi mara mbili ya posho ya mwezi, lakini gharama za lazima kama nauli nazo zinaweza kuombewa juu yake, zikiwa na risiti. Ulizeni mapema kiasi gani kitakubaliwa, na usipange safari kwa kutegemea fedha hizo. Mimi ninakueleza habari hii kwa sababu nyingine. Dada yako akiona jina lake limeandikwa kwenye fomu kama mlezi mwenye haki ya kupumzika, na jina lako kama mtu wa zamu, atakuwa ametambuliwa kwa maandishi. Walezi wengi hawaombi kabisa, kwa kuwa hawajioni kuwa walezi. Wanajiona watoto tu.

Karatasi nyingine isiyoweza kusubiri ni ile ya kumpa mtu mamlaka ya kuamua kwa niaba ya mama, Vorsorgevollmacht. Wengi hudhani kwamba mtoto ana mamlaka hayo kwa kuzaliwa tu. Ujerumani hana. Mama akishindwa kuelewa anachotia sahihi kabla ya karatasi hiyo kuandikwa, mahakama ndiyo itakayoteua msimamizi, na hata kama itamteua dada, itamfuatilia kwa ripoti. Mama aiandike sasa, akiwa bado anaelewa anachotia sahihi, na anayepewa mamlaka awe dada yako. Wewe na kaka yako mridhie waziwazi mbele yake. Usiombe jina lako liongezwe kwa kuwa unampenda mama. Anayesaini fomu ya hospitali lazima awe mtu anayeweza kufika hospitalini kwa nusu saa.

Sasa niseme juu ya shauri la mume wako. Moyo wake ni mzuri, na amesema kama mwana wa Kichagga anavyopaswa kusema, umshukuru. Lakini simwungi mkono. Mtu anayeanza kusahau hushikiliwa na vitu vilivyomzunguka: mlango wa jiko uliopo kushoto, ngazi ya tatu inayolia, lahaja inayozungumzwa na mwokaji mikate. Mama yako akiamka usiku katika chumba kizuri ulichomjengea Moshi, hatajua choo kiko wapi wala atamwuliza nani, maana wanaoelewa lahaja yake katika mkoa mzima ni wewe peke yako. Juu ya hayo, malipo ya bima ile ya uangalizi kwa kawaida husimama mtu akihamia nje ya Ulaya, na bima yake ya matibabu haimfuati Tanzania. Mungemwondoa kwenye kila kitu kinachomshikilia, na mngemwondoa pia kwa dada yako, ambaye pamoja na uchovu wake wote ndiye mtu anayemfahamu vizuri zaidi. Kuhusu ushauri wa kaka, kwamba dada ni mtu mzima, sina la kusema ila kwamba mtu mzima naye huchoka. Mpigie, umwambie kwamba wakati wewe unatoa wiki sita, yeye anaweza kutoa wikiendi moja kila mwezi. Bavaria na Saxony, jimbo lenu, zinapakana.

Umeuliza kwa nini panauma. Nadhani ni kwa sababu umeweka akiba ya vitu viwili, nauli na matarajio, na ya pili imekua kuliko ya kwanza. Kwa miaka mitano umekuwa ukiandaa namna utakavyoulizwa maswali, nao kwa miaka hiyo hiyo wamekuwa wakiishi na goti la jirani. Usichukulie ukimya wao kuwa dharau. Watu wa kijijini kwenu, kwa nilivyowajua kidogo, huonyesha kukubali mtu kwa kumruhusu asikie mazungumzo ya kawaida; mgeni halisi ndiye hupewa maswali ya adabu kuhusu safari yake. Wangekuuliza juu ya simba na mlima, ndipo ningekuhurumia. Rafiki yako naye hakukufukuza. Kwao kupanga Alhamisi saa kumi ni kukutengea muda ambao hakuna mtu mwingine ataupata, na natumaini ulikwenda siku hiyo. Ukienda Februari, mwandikie wiki tatu kabla, umpe siku, na uifuate kwa dakika.

Na sahani ile? Siwezi kujua mama alimaanisha nini, nawe hutajua. Ninachojua ni kwamba mvulana wa miaka 13, aliyekulia kwenye nyumba ambayo mtoto hukaa karibu na bibi, alikwenda moja kwa moja akakaa karibu na bibi, na bibi akasema aachwe. Ningekuwa wewe ningelishika neno hilo kama lilivyo, "amekaa mahali pake," wala nisingelichimba zaidi.

Kabla ya kununua tiketi, mwandikie dada yako. Usitume ujumbe wa simu. Andika barua kwa mkono, ukurasa mmoja, na usijieleze hata kidogo. Usitaje miaka miwili ya akiba, usitaje uliyoyasikia mezani. Mwambie hivi: "Uliniambia kwamba kuna mama ambaye sijamwona. Ni kweli, na nilikukosea nilipokufundisha kazi ambayo wewe unaifanya na mimi siifanyi. Ninataka kuja Februari kwa wiki sita nikae na mama ili wewe uondoke upumzike. Niambie ni tarehe zipi zinakufaa, na unieleze siku ya mama ilivyo kuanzia asubuhi, ili nisiivuruge." Kisha subiri. Huenda akachelewa kujibu. Huenda jibu la kwanza likawa la hasira, kwa kuwa aliyebeba muda mrefu akiambiwa atue, mikono humuuma kwanza. Usilijibu lile la hasira. Akikueleza saa ya dawa na namna mama anavyopenda yai lake lichemshwe, ujue amekwisha kukubali, hata kama hakuandika neno hilo.

Ukishafika huko, usibadilishe kitu. Pazia libaki lilipo, joto la nyumba libaki kama dada alivyolipanga. Ukiona la kusahihisha, liandike pembeni ulichunguze wiki ya tano. Mpe mama kazi anazozijua kwa mikono: viazi vya kukwangua kwa ajili ya matonge yale, nguo za kukunja. Mkono mara nyingi hukumbuka baada ya jina kupotea. Akikuita kwa jina la dada yako, itika.

Na Jumapili hii atakapokuuliza unakuja lini nyumbani, usimweleze habari za nauli wala likizo, maana hazitakaa. Dada akishakubali, mpe mama tarehe moja tu, na umwombe dada aiandike kwa herufi kubwa kwenye kalenda ya jikoni, na chini yake aandike tarehe yake yeye mwenyewe ya kuondoka.